Myahudi wa Masumbwe Tuliyemwacha Nje

Nkwimba, mayu, binti yangu,

Mama yako amekwisha kukuambia nani atakupokea stendi, vitenge vipi vimewekwa chini kabisa ya begi, na karanga zipi ni za shangazi yako usije ukazitafuna njiani. Katika hayo mimi sina la kuongeza. Yeye ndiye anayejua kumfungasha mtu. Mimi nimejifungia chumba cha mbele, pale ninaposahihishia madaftari, nikamwambia asiniite mpaka nimalize. Amenitazama tu, akarudi jikoni. Anajua ninachokiandika, maana yeye nilimwambia mwezi uliopita. Wewe sijakwambia. Ningeweza kukuita tukaketi hapa, lakini najijua. Nikiuona uso wako nitaanza kupunguza maneno, na habari hii nimekwisha kuipunguza vya kutosha.

Uliponieleza kazi unayokwenda kuifanya kule makumbusho Dar es Salaam, ulisema utakuwa pamoja na wale wanaochagua ni watu gani waandikiwe maelezo na picha ya nani itundikwe. Ulisema kwa furaha, nami nikakuitikia kwa furaha. Kisha nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye banda la kuku kama mtu aliyesahau alichokifuata. Niliwahi kupewa kazi kama hiyo, mayu. Niliifanya vibaya, na niliifanya vibaya huku najua.

Unaukumbuka ule ukuta wa ukumbi wa maktaba hapa mjini. Ulikuja likizo tukapiga picha pale mbele yake, mimi nimevaa suti, na ukawatumia wenzako chuoni ukisema baba ndiye aliyeziandika habari zote zile. Ukumbi ulijengwa kwa msaada wa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na maduka hapa Shinyanga zamani, sasa wako ng'ambo. Waliomba jambo moja tu: ukuta mmoja uwe wa watu mashuhuri wenye asili ya Asia walioishi hapa na huku kwenye dhahabu mpaka Geita. Wakaomba pia kila imani iwe na mtu wake. Wahindu, Waislamu, Kalasinga, Wagoa wa kanisani, "na Myahudi, kama yupo."

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Bwana Jivan wa duka la vipuri alikuwa mwenyekiti, Bi Nargis wa vitambaa alishika mambo ya shughuli, na mimi nilikuwa katibu, kwa sababu ni mwalimu wa historia. Wao ndio wenye wazee wao ukutani, lakini mimi ndiye niliyeulizwa nani anafaa. Nilipenda. Sitakuficha kwamba nilipenda. Watu waliniletea picha za babu zao wakazungumza nami kwa sauti ya chini, kama wanaozungumza na daktari.

Tulipofika kwenye yale maneno "kama yupo", Bi Nargis akacheka kidogo.

"Myahudi Shinyanga? Labda yule Msabato wa Masumbwe."

"Mzee Shalomu," Bwana Jivan akasema. "Yule alikuwa Mhindi wa kivyake. Marehemu baba alikuwa akisema si wetu, na si wa kina Nargis. Wengine walisema ni Myahudi wa Bombay. Mtafute, Mwalimu. Kama ana watu, waje."

Nikaandika jina kama mtu anayelisikia mara ya kwanza. Nilikuwa namjua Mzee Shalomu tangu kabla sijawa mwalimu, na hapo ndipo inabidi nikurudishe nyuma, kwenye miaka niliyokwambia kwamba nilikuwa kwa mjomba nikiugua.

Sikuwa kwa mjomba. Sikuugua. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa mabaya mara ya kwanza, na badala ya kurudia mtihani nikaondoka nyumbani bila kuaga, nikaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Nilikuwa mwanaapolo, mayu, kama wale vijana unaowaona wakishuka kwenye magari wana tope jekundu mpaka kwenye nyusi. Lile kovu la begani uliloniuliza ukiwa mdogo, nikakwambia ni baiskeli, si baiskeli. Ni jiwe la ndani ya duara. Duara ndilo jina tunaloita shimo kule. Nimesema tunaloita. Nimekaa miaka mingi nikisema wanaloita.

Mzee Shalomu alikuja Nyarugusu mara kwa mara kutoka Masumbwe, akiwauzia watu pampu za maji na kuzitengeneza zikiharibika. Alikuwa mtu mzima tayari, mwembamba, Kiswahili chake kizuri na Kisumbwa chake kizuri zaidi, maana mkewe alikuwa Msumbwa. Alikodi chumba kwa mama mmoja muuza uji. Ijumaa jua likianza kushuka alifunga vyombo vyake, akaoga, akavaa shati jeupe, akaingia ndani. Jumamosi hukumwona kwenye mashine. Alikataa kitimoto, alikataa kambare kwa sababu hana magamba. Basi sisi sote tulimwita Msabato. Wasabato wenyewe walimkaribisha kanisani kwao, akawashukuru, hakwenda.

Jumamosi moja asubuhi, baada ya mvua kubwa, tulishuka kwenye duara letu. Hatukujua kwamba pembeni kulikuwa na shimo la zamani lililojaa maji. Ukuta katikati ukaachia. Sitakueleza sana. Maji yaliingia kwa kishindo, taa zikazimika, tukapanda kwenye kijukwaa cha mwamba tulichokuwa tukipumzikia, tukabaki tumebanana pale, maji yamefika kiunoni, kisha kifuani. Mwenzangu mmoja alikuwa akisali Kisukuma. Mimi nilikuwa nikimwita mama, yule bibi yako ambaye sikumuaga.

Yaliyotokea juu niliyasikia baadaye. Pampu ya duara letu ilikuwa imekufa. Watu walisimama nje ya chumba cha Mzee Shalomu wakibishana kama wagonge mlango au wasigonge, maana ni Sabato yake. Yule mama muuza uji ndiye aliyegonga. Mzee akatoka na shati lake jeupe, akauliza jambo moja tu, "Kuna watu ndani?" Wakamwambia wapo. Hakurudi kubadili nguo. Akafungua pampu mbili alizokuwa amezileta kuuza, akaziunga, akazisimamia mwenyewe mpaka alasiri. Kila mojawapo ilipoziba aliifungua kwa mikono yake, akaiwasha upya. Sisi chini tulisikia tu mngurumo unakatika, unaanza, unakatika, na kila ulipokatika tulikaa kimya.

Tulitoka wote.

Nilipopata nguvu ya kukaa, alikuwa ameketi chini karibu nasi, shati lote limejaa grisi, anakunywa uji. Mwenzangu mmoja akamwuliza, "Mzee, na Sabato yako je?"

"Roho ya mtu ikiwa hatarini, Sabato inasogea pembeni," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kanisani kwenu?"

"Sina kanisa. Mimi Myahudi."

Watu wakacheka, hata sisi tuliotoka kufa. Mmoja akasema, "Mzee, Wayahudi si waliisha kwenye Biblia?"

Naye akacheka. "Wengi tupo. Ila hapa Masumbwe nimebaki mimi."

Nilisikia kwa masikio yangu, nimeketi karibu naye kuliko ulivyo wewe sasa jikoni. Kwa hiyo siku ile kwenye kamati, swali la kama alikuwa Myahudi, na swali la kama alifanya jambo la kukumbukwa, yote mawili jibu lake lilikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa pale na kalamu.

Utauliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza hivyo hivyo. Baada ya Nyarugusu nilirudi nyumbani, nikarudia mtihani, nikaenda chuo cha ualimu, na mahali fulani katika safari hiyo nikaamua kwamba yule kijana wa shimoni hakuwahi kuwapo. Nilikuwa mkali kwa wanafunzi wanaotoroka kwenda machimboni. Niliwasimamisha mbele ya gwaride nikawaambia, mimi sijawahi kukanyaga kule na ndiyo maana nimevaa tai. Yupo mmoja, Masanja, alikuwa na akili ya hesabu. Alikwenda Nyarugusu wakati wa likizo kutafuta ada, akarudi wiki ya pili ya muhula. Nilimwaibisha mbele ya darasa zima mpaka akaacha shule. Sijui yuko wapi. Nikisema namjua Mzee Shalomu, nitaulizwa nilimjulia wapi, na tai yote itafunguka. Hiyo ndiyo sababu, mayu. Nimeitafuta nyingine yenye heshima zaidi sikuipata.

Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Aliyekuja ni binti yake, Rebeka, Mama Daudi. Alipanda basi kutoka Masumbwe, akafika ukumbini amevaa kitenge kipya na ameshika picha ya baba yake ndani ya mfuko wa plastiki. Ni mtu wa rika langu, mweusi kama mama yake, pua ya baba yake. Akatusalimia, akakaa kwenye ncha ya kiti.

Nilimfanyia kikao kama mahakama. Nilikuwa nimesoma juu ya Wayahudi kwa siku kadhaa, nikawa na maneno mengi.

"Mama Daudi, tutajuaje kwamba marehemu alikuwa Myahudi? Watu walimjua kama Msabato."

"Walimwita hivyo kwa sababu ya Jumamosi," akasema. "Baba alituambia hata kwao India, pwani kule walikotoka wazee wake, majirani waliwaita wakamua mafuta wa Jumamosi. Kazi yao ilikuwa kukamua mafuta, na siku hiyo hawakukamua. Alikuwa akicheka. Anasema nimevuka bahari nzima, na bado nimepewa jina lile lile."

Bi Nargis akatabasamu. Bwana Jivan akaitikia kwa kichwa. Lile lilikuwa jibu zuri kuliko lolote nililolisoma, na mtu wa Masumbwe hawezi kulibuni. Mimi nikasema, "Hizo ni simulizi za nyumbani. Kuna cheti? Kuna mahali aliposali?"

"Alisali chumbani. Hakukuwa na mahali."

"Mama yake je? Uyahudi unafuata mama."

"Mama yake alikuwa wa kwao huko huko."

"Unajua kwa hakika?"

"Sikumwona bibi yangu, Mwalimu. Wewe wako ulimwona?"

Nilimwona, lakini nikaliruka swali lake. Nikasema neno ambalo nikilikumbuka mpaka leo natamani kuinuka nilikokaa. Nilisema, "Kwa mfano wewe mwenyewe, kwa kuwa mama yako alikuwa Msumbwa, kwa sheria yao huhesabiki."

Bwana Jivan alianza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika. Rebeka hakukasirika, angalau si usoni. Alisema taratibu, "Sikuja kujiulizia mimi. Nimekuja kumuulizia baba."

Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikaenda kwenye umashuhuri. Nikamwambia wote walio ukutani wameacha kitu: huyu shule, huyu zahanati, huyu kisima, huyu msikiti. Nikamwuliza baba yake aliacha nini.

"Alitengeneza pampu," akasema. "Alikuja zamani kama fundi wa kinu cha pamba hapa Shinyanga, baadaye akahamia kwetu na pampu zake. Watu walimpenda. Alipofariki walikuja wengi, wengine hatukuwajua, kutoka Nyarugusu. Walilia sana. Tuliwauliza walimjuaje, wakasema tu, ni mzee wetu."

"Kutengeneza pampu ni kazi," nikasema. "Siyo umashuhuri."

Nilisema hivyo nikiwa hai, Nkwimba. Nikiwa nimekaa kwenye kiti, na mapafu yangu yana hewa, na wewe wakati ule uko sekondari.

Alipotuachia ile picha na kutoka, Bwana Jivan alisema, "Mwandike tu, Mwalimu. Nafasi ipo." Nikamwambia tukimwandika mtu bila ushahidi ukuta wote utatiliwa shaka. Nikatumia maneno makubwa. Yeye ni mfanyabiashara, aliheshimu elimu yangu, akaniachia niamue. Nafasi ya Myahudi tukaijaza kwa picha ya kinu cha pamba. Ndiyo ile uliyoniambia imependeza.

Nilipaswa kumjulisha Rebeka. Namba yake nilikuwa nayo. Kila siku niliahirisha, nikijiambia nitampigia nikiwa na nafasi ya kumweleza vizuri. Matangazo ya uzinduzi yakapita redioni kuanzia Kahama mpaka Geita, na hakuna aliyemwambia kwamba baba yake hayumo.

Siku ya uzinduzi alikuja na wajukuu zake. Walikuwa wameoga wakapaka mafuta, viatu vimefutwa vumbi kwa mate pale mlangoni, nilimwona akiwafuta. Hotuba zilipokwisha akawashika mkono akawapeleka kwenye ukuta. Alianzia mwanzo. Alisimama kwenye kila picha, akasoma jina, akasogea. Alifika mwisho. Nikadhani ataondoka. Akarudi mwanzo akapita tena, safari hii polepole zaidi, kama mtu anayedhani macho yake yamemruka mtu. Mjukuu mkubwa akamwuliza kitu, akamwinamia akamjibu. Sikusikia alichomjibu.

Kisha akanijia. Nilikuwa nimeshika soda, nimezungukwa na wageni.

"Hongera, Mwalimu, kazi imependeza," akasema. "Naomba picha ya baba. Ni hiyo moja tu tuliyonayo."

Ilikuwa shuleni, kwenye droo ya meza yangu, chini ya mitihani. Nilichukua bodaboda kuifuata. Niliporudi wageni walikuwa wameingia kula, naye alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje na wale watoto, hakuna aliyemkaribisha chakula. Nilimpa picha ndani ya bahasha ya mitihani. Akaitoa, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akaitazama kama kuhakikisha ni mwenyewe. Akanirudishia bahasha.

"Asante," akasema. "Bahasha ni ya serikali."

Wakaondoka kuwahi basi. Nami niliingia ndani, mayu, nikala pilau.

Niliishi hivyo miaka. Ukishaweza kula pilau siku ile unaweza kuishi hivyo. Mpaka ulipokuja na habari ya kazi yako, na mimi nikajikuta kwenye banda la kuku.

Nilianza na mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kovu la baiskeli sikuliamini tangu siku ya kwanza. Nilingoja useme." Kesho yake aliniuliza kama yule mama wa Masumbwe bado yu hai.

Nilikwenda kwanza dukani kwa Bwana Jivan. Amezeeka sasa, wanawe ndio wanaouza. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kati ya mafungu ya mikanda ya mashine.

"Mimi nilitaka kumweka," akasema. "Ulinishinda kwa elimu."

Halafu akamwambia mwanawe aniletee chai. Ilikuwa vigumu kuinywa kuliko kama angenifukuza.

Masumbwe nilifika mchana. Niliulizia kwa Mama Daudi, kila mtu anamjua. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Alinitambua.

"Karibu, Mwalimu. Umepotea njia?"

"Sikupotea, Mama Daudi. Nimechelewa tu."

Akanipa kiti. Nilimweleza kuhusu duara, na maji, na mwamba, na mngurumo unaokatika. Nilimweleza habari za mama muuza uji aliyegonga mlango. Nilimwambia baba yake alivyosema, "Mimi Myahudi," na jinsi tulivyocheka. Alikuwa akiendelea kuchambua mchele, vidole vinakwenda na kurudi. Nilipofika kwenye shati vidole vikasimama.

"Shati jeupe?" akauliza.

"Jeupe. Lilijaa grisi kuanzia hapa mpaka hapa."

"Mama alilifua lile shati mpaka likachanika," akasema. "Walikosana. Mama alisema, umefanya kazi Sabato, wewe uliyetufundisha sisi tusiwashe hata moto. Baba akasema kulikuwa na maji. Basi. Kulikuwa na maji. Mama alikufa akiamini alikwenda kutafuta pesa siku ile."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hata hilo nililionea aibu, maana nilikuwa nimekuja nyumbani kwake kumletea habari za baba yake nilizomnyima, na sasa ananiona kama mgonjwa wa kutunzwa. Alinipa maji ya kunywa.

Nilipotulia nilimwambia nitarudi Shinyanga, nitasimama mbele ya watu, nitahakikisha picha ya mzee inatundikwa, na Bwana Jivan yuko tayari. Nilidhani hilo ndilo lililonileta. Akatikisa kichwa.

"Hapana, Mwalimu."

"Ni haki yake."

"Ni haki yake, ndiyo. Lakini mimi nilimbeba baba yangu kwenye mfuko wa plastiki nikamwombea nafasi. Wajukuu wangu wameniona nikimtafuta ukutani. Siwezi kumpeleka tena mahali alipokwisha kukataliwa, nikangoja muamue mara ya pili kama anahesabika. Mimi najua alikuwa nani. Na leo najua zaidi."

"Basi nifanye nini?"

Akaurudia ungo wake. "Una watoto?"

"Ninaye binti. Anakwenda kufanya kazi makumbusho."

"Mwambie yeye," akasema. "Usimwambie kuhusu ukuta. Mwambie ulimwona."

Nimeandika kuhusu ukuta vilevile, kwa sababu bila ukuta usingejua baba yako ni mtu wa namna gani, na nimechoka kupendwa nawe kwa makosa. Wiki iliyopita niliwaambia na wanafunzi wangu kwamba nilikuwa mwanaapolo. Msichana mmoja wa nyuma akauliza kama ni kweli chini kuna joto. Nikamwambia ndiyo, kuna joto. Hawakuniuliza kingine. Masanja bado sijampata. Naulizia.

Huko unakokwenda watakufundisha vigezo, na wewe ni hodari kuliko mimi, utavijua. Sina hekima ya kukupa juu ya vigezo. Vyangu vilikuwa sahihi vyote. Nilivishika kama mtu anayeshika mlango usifunguke.

Sasa nifanye nililoambiwa.

Nilimwona. Alikuwa Myahudi wa Bombay aliyeishi Masumbwe, mwembamba, ana mvi pembeni, Jumamosi moja Nyarugusu. Walitutoa kwa kamba mmoja mmoja. Nilipofika ukingoni mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, sikuweza kujivuta, nikaanza kurudi chini. Mtu akaiacha pampu akaja akanidaka kiganja. Kilikuwa ni kiganja chenye grisi, kikateleza, nikaona uso wake unavyobadilika. Akalala kifudifudi kwenye tope na lile shati jeupe, akanyoosha mikono yote miwili, akanishika tena.

Baba yako
Kambarage, Shinyanga